Mistari ya Biblia ya Mzee Nashoni

Winfrida Emanueli alishuka kwenye pikipiki Nyangoto saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, akiwa na kilo mbili za sukari kwa ajili ya mama mdogo Regina. Alikuwa ametoka Mugumu, ambako hushona sare za shule karibu na soko. Baba yake alikuwa amezikwa mwezi wa tatu, na alasiri hiyo ukoo ungekaa kugawa shamba lake. Mama yake, Rhobi, alikuwa amelala kaburini kwenye shamba hilo mwaka wa kumi na moja sasa.

Baba mdogo Jackson, mkubwa wa ukoo, alikuwa amemwambia kwenye simu, "Sisi tunafuata Biblia ya mzee. Ukionekana humo, tutaongea."

Biblia ilitunzwa na Ezra, mume wa Regina, mdogo wa mwisho wa baba yake. Aliitoa sandukuni, akaifungua kati ya Malaki na Mathayo. Hapo ndipo Mzee Nashoni, babu yake Winfrida, alipokuwa ameandika kizazi chake kwa wino wa bluu: Emanueli 1949, Jackson 1957, Ezra 1968. Chini yao wajukuu, wote wa kiume. Winfrida alipitisha kidole mara mbili na hakujiona.

"Baba mdogo, mbona hapa kuna pengo la miaka minane? Na hapa kumi na mmoja?"

"Walizaliwa wasichana."

"Wangapi?"

Ezra alitazama langoni. "Waulize wenyewe. Ndio hao wanaingia."

Wa kwanza alikuwa Wankuru, aliyefariki mwaka 1994 kule Mbalibali alikoolewa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na vumbi lilimfika magotini. Nyuma yake alikuja Nyangi, naye marehemu, amebeba mgongoni mtoto mchanga ambaye hakuwa wake. Regina akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

"Shikamooni shangazi," Winfrida akasema.

"Marahaba." Wankuru akaketi kwenye mkeka, akatazama juu. "Mura, mdogo wangu Ezra, hili bati bado linavuja?"

"Bado, dada."

Walikuwa wamesikia kwamba kuna kuandikwa. Winfrida akachukua kalamu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Wankuru alisema alizaliwa 1952, wakati wa kuvuna mtama. Nyangi alizaliwa katika zile mvua kubwa za Uhuru. Kati ya Emanueli na Jackson hapakuwa na nafasi hata ya neno moja, lakini Winfrida alipoweka kalamu mstari ulikuwepo, na alipoumaliza ukawepo mwingine chini ya Jackson.

"Na huyu?"

"Ni mdogo wangu, alinifuata mimi," Nyangi akasema. "Aliishi siku tisa. Hawakuwahi kumpa jina."

Winfrida akaandika: mtoto wa kike, siku tisa. Mtoto akapiga chafya.

Rhobi aliingia wa mwisho, miguu ikiwa na udongo mbichi, maana hakuwa ametoka mbali. Alimtazama bintiye kwa muda mrefu, akamrekebishia kola ya blauzi.

"Umekonda," alisema. "Haya, jiandike na wewe."

Winfrida akajiandika chini ya jina la baba yake: Winfrida, 1979. Alipomaliza akaigusa kola yake. Hakuwa ameguswa na mama yake kwa miaka kumi na mmoja.

Saa nane wazee walifika, wakakaa kwenye viti vya plastiki. Waliwasalimia wanawake mmoja mmoja, wakaulizia safari. Jackson alivaa miwani akasoma ukurasa wote kwa sauti, bila kuruka mtu.

"Maandishi ni sahihi," alisema. "Hawa ni damu yetu, hakuna wa kubisha."

Kisha akasema kwamba Emanueli hakuacha mtoto wa kiume, na kwa hiyo shamba ni la Brayan, mwana wa Ezra.

Winfrida akasimama. "Baba mdogo, uliniambia nikionekana humo tutaongea."

"Na tumeongea, mwanangu. Kuandikwa umeandikwa. Shamba ni jambo lingine."

"Jackson," Wankuru akasema kutoka mkekani, "ng'ombe za mahari yangu ndizo zilizokuolea mke."

"Ni kweli kabisa, dada. Na tunakushukuru."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ezra alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Regina alipitisha chai, na Wankuru alikunywa vikombe viwili kwa sababu njia ya Mbalibali ni ndefu.

Jua lilipoanza kushuka, Rhobi alisema anarudi. Winfrida alimsindikiza hadi shambani wameshikana mikono. Walimkuta Brayan ameshapigilia vigingi vya mipaka na kuvuta kamba toka kona hadi kona. Kamba ilipita hatua mbili mbele ya kaburi la Rhobi.

"Shikamoo, mama mkubwa," Brayan akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Rhobi akauachia mkono wa Winfrida. Brayan, ambaye alikuwa amelelewa vizuri, aliinua kamba juu ili Rhobi apite bila kuinama, akasubiri hadi alipoingia, kisha akaishusha na kuikaza.