Stesheni Aliyoianzisha Kalunde

Nimeegemea ukuta wa stesheni ya Isanzuka, nasubiri mkutano wa kijiji utakaoamua kama ibomolewe au ibaki, na jua la mchana linanifumba macho. Treni haijasimama hapa tangu nikiwa mtoto. Mara ukuta unalainika mgongoni mwangu kama unga uliolowa, nauzamia, natokea upande wa pili, na huko reli zinakwenda, zinajipinda, zinarudi zilikotoka. Mtu aliyevaa koti la reli amesimama katikati yake, na chini ya kofia yake hakuna uso. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu. Nyumba yangu hailali mtu, lakini kijiji kizima ni kwao. Stesheni, nasema. Ya nani? Ya watu wa reli. Umekosa, nipe mji. Nampa Tabora, na Tabora inachomoza mbele yetu, na juu yake Tabora nyingine imepinduka, mapaa yanatazamana, nasi tunapita katikati, na kila njia tunayoshika inatutoa Isanzuka, Isanzuka ya zamani, ambayo haina stesheni.

Treni inapita bila kusimama. Wanaume wanaikimbiza wakiwa na machela, na aliyelala juu yake ni Mihayo, mdogo wake bibi yangu Kalunde, uchungu wa uzazi umemshinda. Treni inazidi kwenda. Mihayo anakata roho kando ya reli, na mtoto tumboni. Wakitoka kumzika, Kalunde haendi nyumbani. Anakwenda korongoni, anajitwika jiwe, analiweka kando ya reli, anarudi kuchukua jingine. Wanamwambia, Kalunde, huzuni imekuchanganya. Anawajibu, Hapa treni itasimama. Kisha mwanamke mmoja anajitwika, kisha wenzake, kisha waume zao, kisha kijiji chote, nami nimo. Kalunde ananitazama. Wewe mtoto wa nani? Mimi mjukuu wako, bibi. Basi beba kwa mikono miwili.

Jukwaa linapanda, kuta zinapanda, na anakuja mkubwa wa reli, amekunja uso. Nani amewapa ruhusa ya kujenga hapa? Kalunde anapangusa udongo mikononi, hana haraka. Aliyetakiwa kungoja ruhusa tumemzika, anasema. Yule bwana anavua kofia. Anaanza kuzunguka jengo, anagusa kuta, anarudi anaitikia kwa kichwa, na treni inayofuata inapunguza mwendo, inapunguza tena, inasimama. Watu hawapigi kelele. Wanaitazama tu, vifua mbele, kama mtu anavyomtazama mwanawe akitembea. Asiye na uso ananiinamia. Ni ya nani? Yetu, nasema. Nirudishie mji wangu.

Ng'washi, amka, mkutano umeanza. Ni shangazi Nyanzala. Uwanja umejaa, mwenyekiti anauliza nani ana neno, na ardhi chini ya miguu yangu inatetemeka kama treni inakaribia, wala sijui kama nimeamka au nimeingia ndoto nyingine. Lakini huku na kule jibu ni lile lile: yetu. Nasimama, naanza na jina la Mihayo.