Viganja Kwenye Boneti

Mimi gari naliosha kwa ndoo mbili na fulana kuukuu, na mpira wa maji wa mtu sijawahi kuuomba. Ndoo moja ya povu, moja ya kusuuza. Unaanzia kwenye paa, unashuka na vioo, matairi mwisho, na maji machafu unayakamulia kwenye karai ili uyamwage mlangoni yatulize vumbi. Hapa kwetu Utemini, mjini Singida, hatuna ua wala geti. Mlango unafungukia barabarani, na gari la mwanangu Emilian linalala hapo hapo chini ya dirisha langu. Wanaonicheka wakipita nawaambia wapite salama, na vumbi lao.

Siku hiyo Emilian alirudi asubuhi kutoka Mgori, anakopeleka abiria na kurudi na magunia ya alizeti. Alinipa shikamoo bila kunitazama usoni. Gari lilikuwa linachuruzika maji, na taa moja ya mbele imepasuka.

"Nimegonga mbuzi, mama," akasema. "Nimepita ziwani nikalisuuza. Hebu lioshe tena, vizuri."

"Ziwani? Wewe mtoto una akili timamu?"

Akaingia ndani akajitupa kitandani na viatu vyake. Nikabaki nimeshika kiuno. Mtoto aliyezaliwa Singida akakulia Singida anaosha gari kwa maji ya ziwa Singidani! Hata mlevi hafanyi hivyo. Kila mtu anajua yale maji ni chumvi, yakikauka yanaacha ukoko na bati linaliwa. Nikajisemea, huyu ametishwa na kitu, na mbuzi hamtishi mtu namna hii.

Nilipomaliza kuchota maji jua lilikuwa limeshapanda, na gari lilikuwa limekauka. Lilikuwa jeupe lote kama limepakwa unga, isipokuwa sehemu mbili kwenye boneti. Hapo chumvi haikushika kabisa. Nikasogea. Vilikuwa viganja viwili vya mtu mzima, vidole vimetanuka, vimeelekea kwa dereva, kama mtu aliyelizuia gari lisimpande.

Nitasema kweli, niliogopa. Lakini mimi nikiogopa huwa nakasirika, basi nikaikamata fulana nikasugua mpaka mabega yakauma. Povu likatoka chafu, nikasuuza, boneti ikang'aa. Nikasema haya, mambo yamekwisha.

Upepo wa Singida haukuachi ukajisifu. Ulivuma kidogo tu, vumbi likatua juu ya boneti, na likatua kila mahali ila kwenye vile viganja. Safari hii vilikuwa vimepanda. Mwanzo vilikuwa karibu na taa, sasa vilikuwa katikati.

"Pepo mchafu, toka!" nikasema kwa sauti, mchana kweupe, peke yangu barabarani. Nikaosha tena. Nikatazama nyuma na mbele. Hapakuwa na mtu, hata kuku. Vumbi likatua tena, na viganja vikawa vimefika chini ya kioo.

Hapo ndipo Luciana alipotoka kwake. Nyumba yetu na yake zinagusana ukuta. Mumewe, Mughwai, ni mrina asali, na mimi na huyo Mughwai tumegombana miaka yote kwa sababu ya kuku wake wanaonichakuria mchicha. Ugomvi wenyewe ni wa utani. Asubuhi asiponichokoza namwuliza kama anaumwa.

Sijui nani aliniambia nifanye nilichofanya. Niliegemea gari nikaweka mikono yangu juu ya vile viganja, nikavifunika.

"Mama Emilian, za kazi?"

"Nzuri, mwenzangu. Habari za tangu jana?"

"Si nzuri sana. Baba yao hajarudi. Jana alikwenda Mgori kwenye mizinga yake, akasema alfajiri atasimama barabarani alisubiri gari la Emilian, arudi nalo. Naona gari limefika, yeye simwoni. Emilian hakumpakia?"

Bati lilikuwa linaunguza kwa jua, lakini si hilo lililonishtua. Chini ya viganja vyangu kulikuwa na kitu kinapigapiga. Ukimshika kuku wa kuchinja, ukasikia moyo wake mkononi, ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekufa hapigi hivyo. Mughwai alikuwa hai.

"Labda amepata gari jingine," nikasema.

"Labda. Lakini si kawaida yake, angepiga simu. Wewe, hilo bati linaunguza. Mbona huondoi mikono?"

"Nimezoea."

Akasimama pale akitazama barabara, amejitanda kanga mabegani ingawa joto lilikuwa kali. Akaanza kuniambia kwamba ameamka na moyo mzito, kwamba chai ameiacha mezani. Mimi nasikia nusu. Nilikuwa nasikiliza mikono. Kile kitu kilikuwa kinapunguza mwendo. Kilipiga, kikatulia, nikadhani kimekoma, kikapiga tena taratibu.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilimfikiria Emilian wangu akipandishwa karandinga na pingu mikononi, mtoto niliyemlea peke yangu kwa kuuza uji stendi. Nikisema neno moja, nimempoteza. Nikinyamaza kidogo tu, mpaka Luciana arudi ndani, nitaosha mara ya mwisho, na huyo anayepiga atakoma mwenyewe. Nilifikiri hivyo, Mungu anisamehe. Nilifikiri mpaka mwisho, na mikono inaungua.

Kikatulia. Nikangoja. Hakikupiga.

"Emilian!" nikapiga kelele, majirani wa mtaa wa pili wakasikia. "Emilian, toka na funguo!"

Luciana akaruka. Emilian akatokea mlangoni na macho mekundu. Nikaondoa mikono kwenye boneti. Luciana akaviona vile viganja, akaviangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Luciana, mwanangu amemgonga mumeo," nikasema. "Yuko barabara ya Mgori."

"Mama, nyamaza!"

"Sinyamazi! Mbuzi ana vidole? Sema, ulimwacha wapi?"

Akachuchumaa pale pale mlangoni. "Alitokea kwenye ukungu amenyoosha mikono, mama. Alikuwa ananisimamisha. Nilidhani amekufa. Nikamtoa barabarani nikamlaza kichakani. Niliogopa."

Luciana hakulia. Alifungua mlango wa gari akapanda, akakaa kiti cha mbele, akasema, "Endesha."

Emilian akashika usukani, nami nikapanda, tukaondoka. Vile viganja vilikuwa mbele yetu sote, na kila vumbi lilivyoongezeka ndivyo vilivyozidi kuonekana. Nilitamani vipige tena, lakini nilikuwa kiti cha nyuma na sikuweza kuvigusa. Nikawa naomba tu, na kila nikimwombea Mughwai nasikia kama namwombea mwanangu mabaya. Naomba Mungu asinijaribu tena namna ile.

Kabla ya kufika Mgori, mahali msitu unaposogelea barabara, Emilian akasimama. Akaonyesha kwa kidole, hakushuka.

Tulimkuta kwenye vichaka, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Luciana akamnyanyua kichwa, akamwita jina lake. Kifua kikapanda. Nikapiga magoti kwenye miiba, nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwita Emilian aje tumbebe, naye akaja akilia, akamshika mabegani.

Nikalowesha ncha ya kanga kwa maji ya chupa iliyokuwa garini, nikaanza kumpangusa vumbi usoni. Mughwai akafumbua macho. Hakumtazama mkewe wala Emilian. Alinitazama mimi, akaukamata mkono wangu wenye kanga akauzuia.

"Mama Emilian," akasema, sauti imekauka. "Mbona ulikuwa unanifuta?"