Jiwe Juu ya Kaburi la Zaimu

Zuhair alifariki hospitali, mjini Sur, asubuhi ya Jumanne, na ilipofika laasiri alikuwa keshazikwa. Dada yake, Bi Ghalia, alikuwa kwake Ibra anachambua mchele. Habari ilikuja katika simu ya mwanawe, Bassam, naye aliisoma kisha akasimama mlangoni hajui aanze vipi.

"Mama," akasema mwisho, "khali Zuhair amekufa."

Huyo mjomba Bassam hakuwahi kumtia machoni. Bi Ghalia akauweka ungo chini, akaenda kuvaa abaya, akamwambia mwanawe atoe gari.

Watu wa Sur walimwita Zuhair Zaimu, yaani mkuu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alianza ujana wake kwa kuvusha sigara, akaenda kwenye pombe, akaishia kwenye unga uliokuwa ukiletwa kutoka ng'ambo ya bahari na mashua za kasi. Alikuwa na genge lake na nyumba yake katika mtaa wa Aija, yenye ukuta uliozipita kuta za majirani wote. Aliyemtaja mbele ya askari alikutwa kavunjwa miguu yote miwili. Alifungwa, akatoka, akafungwa tena kifungo kirefu, na alipotoka mara ya pili alikuwa mzee mwenye moyo mbovu, lakini vijana waliokua chini yake bado walisimama akiingia.

Bi Ghalia aliyajua yote hayo. Marehemu mumewe, Bwana Abdullatif, alikuwa mtu wa serikali, na siku aliyomposa alitaka neno moja tu kwake, kwamba ndugu yake hatokanyaga nyumba yao. Akakubali. Mumewe alipokufa, watoto walikuwa wameshaingia makazini, naye akaogopa jina la mjomba lisije likawaharibia. Miaka ikapita hivyo hivyo. Kila Idi Zuhair akipiga simu, naye Bi Ghalia akijifungia chumbani kumpokea. Walikuwa hawazungumzi mengi. Zuhair akiuliza umepika nini mwaka huu, naye akimtajia: bokoboko, mkate wa kumimina, vileja. Zuhair akisema haya, Mungu akuweke, na simu ikikatika. Safari nzima ya Sur, tangu Ibra mpaka walipoipita Bidiya na mchanga wake, Bi Ghalia alikuwa akizihesabu Idi hizo.

Walifika watu wanarudi kutoka makaburini. Magari makubwa meusi, vioo vya giza, yalijipanga kutoka daraja la kuingilia mtaani mpaka mlangoni kwa marehemu. Wakashuka wanaume wenye kanzu zilizopigwa pasi vizuri na nyuso ngumu, wengine wanalia waziwazi. Wazee wa mtaa walikataa kuitoa majlisi yao, ukumbi wa mtaa, kwa aza ya msiba ule, kwa hiyo hema lilisimamishwa uani. Majirani wachache walikuja, wakatoa mkono, wakaondoka bila ya kugusa kahawa. Zuhair hakuacha mke wala mtoto. Upande wa wanawake mlikuwa na wake wa wanaume wa genge lake, dhahabu mpaka viwikoni, na hakuna aliyejua kumwambia Bi Ghalia jambo lolote kuhusu nduguye isipokuwa kwamba alikuwa mkarimu.

Lililomuuma zaidi ni kwamba hakumwona. Miaka yote ile alikuwa akijiambia, iko siku. Hata uso wa maiti ameukosa kwa saa mbili.

Aliyesimamia kila kitu alikuwa Khattab, mkono wa kulia wa marehemu, mtu mnene wa makamo ambaye wazee wake walihamia kutoka Tabora. Alimwamkia Bi Ghalia shikamoo kwa kuinama kama mtoto, akakaa chini mbele ya kiti chake, akamwambia asiwe na wasiwasi, wameshapanga kumfanyia Zaimu kitu ambacho Sur haijakiona.

Kesho yake asubuhi akampeleka kukiona. Makaburi yale yako nyuma ya Aija, juu ya kilima kikavu. Huko watu huzikwa kwa namna moja, tajiri na maskini: tuta la udongo, jiwe kichwani na jiwe miguuni akiwa mwanamume, na la tatu likiongezwa kati akiwa mwanamke. Mawe yenyewe ni ya kuokota, hayana maandishi. Na katikati ya mawe yale Khattab alikuwa amesimamisha jiwe la marumaru nyeusi lililoagizwa tangu Zaimu alipolazwa, refu kama mtu, limeandikwa kwa herufi za dhahabu: Zuhair, na jina la baba yao, na chini yake, Zaimu wa Bahari.

Bassam alitazama kando kwa haya. Lakini Bi Ghalia alikwenda mpaka pale, akaweka kiganja juu ya jina. Jiwe lilikuwa limeshapata joto la jua. Akalia kwa mara ya kwanza tangu jana, na katika kilio kile mlikuwa na raha. Alimwambia Khattab ahsante. Alimwambia kwamba sasa angalau anajua pa kumkuta, na hakuna tena wa kumzuia.

Siku ya tatu ya aza aliingia mwanamke wa rika lake, mwembamba, abaya yake imefifia mabegani. Wale wenye dhahabu walipomwona wakasogeana. Akampa Bi Ghalia mkono, akakaa karibu naye, akajitaja kuwa ni Rumaitha, jirani wa nyumba ya tatu, mzaliwa wa Wete. Akapokea kikombe cha kahawa akakinywa chote. Alikuwa wa kwanza katika majirani kufanya hivyo.

Wakaulizana kuhusu Pemba na Unguja walikozaliwa, nani alitoka lini na nani alibaki. Kisha Rumaitha akakiweka kikombe chini.

"Dada, mimi sikuja kumsema maiti. Mungu amrehemu. Nimekuja kwa ajili ya lile jiwe."

Bi Ghalia akamwambia aseme.

"Mwanangu Muadh kalala pale, nyuma ya nduguyo kidogo. Unga ulimuua. Alikutwa chooni na bomba la sindano mkononi, na unga ule kila mtu hapa anajua ulikuwa wa nani. Juu ya mwanangu hapana jina, mawe mawili tu, kama kila mtu. Mimi nimeridhika na hilo. Lakini sasa nikienda kumwombea, lazima nilisome jina la Zaimu kwanza. Limeng'aa, dada. Kutoka dirishani kwangu naliona."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alisema kwamba wanaume wa mtaa walitaka kwenda kulivunja kwa nyundo, naye aliwaomba wangoje, kwa sababu amesikia marehemu ana dada.

Bi Ghalia alimshika mkono Rumaitha, wakakaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Rumaitha alipoondoka, yeye aliingia chumbani kwa nduguye, mahali ambapo hakuwahi kuingia maisha yake yote. Kulikuwa na kitanda, msala, na kofia ya kutarizi imetundikwa msumarini. Akaishika ile kofia, akainusa. Kwa miaka alimtaka nduguye mzima mzima, na alichopewa ni kofia na jina juu ya jiwe. Akajua kwamba jina atalitoa. Akajua vile vile kwamba itamuuma zaidi kulitoa kuliko alivyoumia kuukosa uso wake.

Akamwita Khattab, akamwambia jiwe liondoke leo.

Khattab alifikiri hakusikia vizuri. Alipofahamu, uso ukambadilika. Akasema hao majirani ni wanafiki, wangapi kati yao waliolipiwa hospitali na Zaimu. Akasema plani ilikuwa kujenga na uzio. Akasema boss hawezi kulala kama mtu asiyekuwa na watu.

"Anao watu," akajibu Bi Ghalia. "Yuko katikati yao. Tangu ujana wake hakuna aliyekubali kukaa naye, Khattab. Hata mie. Sasa amewekwa bega kwa bega nao, na nyinyi mnataka kumtenga tena."

"Watamsahau, bibi."

"Wamsahau. Na yule mama apumzike."

Khattab angeweza kukataa. Hapakuwa na mtu Aija wa kumlazimisha. Lakini Bi Ghalia ndiye damu pekee iliyobaki, na mtu yule aliyekulia katika genge aliijua heshima ya damu. Jioni ile, kabla ya magharibi, watu wake waliling'oa jiwe wakalitia katika pikapu. Khattab mwenyewe alitafuta mawe mawili ya kilimani, akayasimamisha moja kichwani na moja miguuni, akabaki amechuchumaa pale mpaka wenzake walipomwita.

Bi Ghalia alirudi Aija baada ya miezi mingi, majira ya baridi. Bassam alimpeleka. Mvua kubwa ilikuwa imepita, matuta yamelainika, na watu wengine wamezikwa tangu hapo. Walitembea baina ya mawe huku na huku.

"Mama, kaburi yake iko wapi?" Bassam akauliza.

"Sijui, mwanangu."

Bassam akataka kumpigia simu Khattab aje awaonyeshe. Mama yake akamkataza. Alisimama akawatolea salamu wote waliolala pale, akaomba dua yake, na macho yake hayakuacha kutafuta, yanatoka kwenye tuta hili yanakwenda kwenye lile. Alipochoka akakaa juu ya ukuta mfupi. Bassam, ambaye hajazoea kumwona mama yake hana la kufanya, akakaa kando yake.

"Alikuwa vipi?" akamuuliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu waliuliza alifanya nini, alifungwa wapi. Bi Ghalia akafikiri kidogo, kisha akaanza kumwambia kwamba mama yao alipokufa Unguja, yeye alikuwa mdogo hajui hata kujifunga kanga, na kila asubuhi Zuhair alikuwa akimkalisha kizingitini kumsuka nywele kabla ya kwenda chuo cha Kurani. Hakujua kusuka. Njia ilikwenda upogo, na ukili mmoja mnene na mwengine mwembamba kama uzi. Watoto wenziwe walicheka, na Zuhair aliwapiga wote.

Bassam alicheka. Mama yake naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaendelea kumwambia mengine garini, na walipofika Ibra alikuwa bado hajamaliza.