Mkwe Aliyekimbia Kazi

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa sabini na saba na malori ya kwenda Uganda yakapungua, Nicholas Ochom alikuwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, wa kwanza pale Malaba kuambiwa abaki nyumbani. Njaa haikumbishia hodi siku hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa mwanachama wa Kikundi cha Kufaana cha watu wa malori, na kikundi kile hakikuwa cha mdomo tu. Mwanachama akiachishwa kazi, wenzake walimpelekea unga na maharagwe kwa zamu hadi mwezi uandame. Baada ya hapo msaada ulikatika, isipokuwa asimame mbele ya wenzake athibitishe kwamba kazi ameitafuta kweli na hakuipata. Mvivu hakuongezewa hata punje.

Ochom aliutaka muda huo wa ziada kwa moyo wake wote. Mkewe Roselida alikuwa karibu kujifungua, na bila ule unga ingembidi amwache peke yake aende Mumias kukata miwa.

Siku ya kikao, uwanja wa Mzee Mukhwana ulijaa. Mwenyekiti huyu alikuwa ameendesha lori mpaka mgongo ukakataa, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Ochom," akaanza, "boss wa stoo ya pamba anasema alikuita upakie magunia, ukatupa gunia chini ukatoroka. Pale kwa kituo cha mafuta, hivyo hivyo. Angurai sokoni, watu wamekuona umeruka mtaro. Sasa wewe unatafuta kazi ama unatafuta mbio?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ochom akatazama vidole vyake vya miguu, maana yote yalikuwa kweli.

"Nilikuwa na sababu, mzee."

"Sema basi."

Angesemaje? Sababu yenyewe ilikuwa imeketi nyuma ya ghala la wimbi, na kikapu cha njugu magotini: Mama Anyait, mama mkwe wake. Mama huyu aliuza njugu kila palipoegeshwa lori, na alikuwa mwanachama kama madereva. Lakini kwa mila yao mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Aibu hiyo huishinda njaa. Kila Ochom alipotia gunia la kwanza begani, mama alitokea na njugu zake, naye hakuwa na budi kukimbia. Kumtaja hadharani kwamba ndiye aliyemkosesha kazi kungekuwa kumtukana. Heri miwa, alijiambia, na moyo ukamuuma sana.

"Kama hakuna sababu," Mukhwana akasema, "tunafunga hii maneno."

"Ngojeni!" Sauti ilitoka nyuma ya ghala. "Huyo mtu, mimi siongei na yeye. Naongea na mwenyekiti. Kila mahali alikuwa anakimbia, ni mimi nilikuwa nakuja. Anatupa kazi juu ya heshima yangu. Kama yeye si wa kusaidiwa, hata mimi mnitoe kwa kikundi."

Kikazuka kicheko kikubwa kuliko cha kwanza, chenye haya kidogo ndani yake. Mukhwana akajifuta machozi.

"Aongezewe mpaka mavuno. Lakini mama, wewe unauza, yeye anakimbia, sisi tunalisha. Tutaenda hivi mpaka lini?"

"Nitakuwa naimba nikiwa bado mbali. Akisikia, aweke gunia polepole, ajifiche."

Ochom hakuthubutu kuinua macho, lakini siku hiyo alijua kwamba anapendwa.

Mama Anyait alitimiza neno lake. Haukupita muda stoo ile ile ya pamba ikamchukua Ochom, na wimbo ulipoanza kusikika upande wa reli, alitua gunia taratibu akaenda nyuma ya lori mpaka njugu ziuzwe. Hata boss alizoea.

Asubuhi moja wimbo ulikuja mapema, tena kwa haraka. Ochom akazunguka nyuma ya lori, akatega sikio. Maneno yalikuwa mapya. Yalisema Roselida yuko salama. Yalisema ni msichana, na kwamba pua ni ya babake, maskini mtoto. Kisha mwimbaji akanyamaza upande wa pili wa lori, akangoja.

Ochom aliegemea gurudumu, akafumba macho, akamwitikia kwa wimbo.