Ndama Aliyelamba Juhudi Zangu

Usiku wa kuamkia leo, siku ya kupimwa kichwa, niliota nimeketi katika kiwanda cha mbao, mahali pale pale ubao uliponiangukia. Mashine ziliniaga kwa adabu zikatoka, na kiwanda kikawa darasa letu la elimu ya watu wazima.

Mapajani mwangu alikuwapo ndama mnene.

"Mimi ndiye fidia yako," alisema. "Usinishushe, sakafu ni chafu."

Birika la chai, lililovaa koti jeupe la daktari, linaingia na kuketi mbele yangu.

"Mama Tumsifu, mwajiri wako anauliza: umeumia kweli, au unamtaka huyo ndama tu?"

"Nimeumia, daktari. Nasahau maziwa motoni. Nikisoma, mistari inayumba. Nisipoaminiwa, nitarudishwa kubeba mbao na kichwa hiki hiki."

"Basi weka juhudi zako zote mezani, nipime kama unajibu kwa moyo wote."

Nilifungua pindo la khanga nikazitoa. Zilikuwa unga mweupe. Birika likaziweka kwenye mizani.

"Zimepungua."

Ninamtazama ndama. Mdomo wake ni mweupe.

"Umelamba?"

"Kidogo tu, mama. Nimetoka mbali."

"Sikumtuma alambe," nilimwambia daktari.

"Wote husema hivyo."

Birika likanionyesha picha ya kijiko, likaificha, kisha likaleta picha mbili: kijiko na sufuria. "Uliona ipi?"

Nilijua. Lakini darasani kwetu anayejua hunyamaza kidogo, ili mwenzake aliye mzito apate nafasi. Nilimgeukia ndama nikamngoja kwa heshima.

"Anachelewa kwa makusudi," Birika likasema, likayaandika hayo hewani kwa mvuke.

"Nilikuwa nampisha mwenzangu."

"Hapa huna mwenzako."

Likatoa picha ya kiti. Safari hii sikungoja hata kuulizwa. "Kiti," nilisema.

"Upesi hivyo? Basi umepona. Nenda kabebe mbao."

Darasa linageuka kiwanda tena. Mbao zimejipanga mstari, kila moja ikingoja zamu yake ya kuniangukia. Iliyo mbele inakohoa, inaniomba nisogee kushoto kidogo.

"Daktari," niliuliza, "nijibu kwa mwendo gani ili uniamini?"

Birika lilifikiri mpaka likachemka.

"Swali hilo halimo katika mtihani," likasema, na ubao wa kwanza ukaanza kuinama.

Binti yangu Tumsifu ananitikisa bega. Kumekucha.

"Mama, amka, tutachelewa kwa daktari. Kichwa kinaumaje leo?"

"Kinauma," nilisema. Kisha nilijisikiliza, nikipima kama nimejibu upesi mno au nimechelewa.

Tumsifu hakunisikia vizuri. Alikuwa ameiokota khanga yangu kitandani, anaigeuzageuza mkononi.

"Nani ametafuna pindo hili? Limelowa mate, na bado yana uvuguvugu."

Tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga, na hatujawahi kufuga hata kuku.