Marehemu wa Nyumba ya Mwisho

Kila alasiri, wageni walipokaribia, Shangazi alifunga dirisha lake la mbele na kujikalia gizani mpaka wapite. Ndivyo alivyoombwa na mtoto wa kaka yake, mtembeza wageni wa kijiji kile kikongwe cha pwani. "Ni kidogo tu, Shangazi. Ukionekana, hadithi inaharibika." Hadithi gani, hakumwambia, naye hakuuliza. Mtoto aliyemlea kwa mikono yake, amuulize nini?

Siku hiyo udadisi ulimzidi. Alitokea mlango wa uani, akajitia nyuma ya msafara kama mgeni aliyechelewa. Walianzia kwenye mzinga wenye kutu, ambao kijana alisema uliwahi kuzamisha meli tatu. Shangazi aliuma midomo asicheke, maana yeye aliujua mzinga ule kwa kuanikia nepi. Wakapita forodha ya zamani isiyo na paa, wakazunguka kisima. Hapo kijana akamwona. Uso ulimsawijika, lakini ulimi haukusimama, akawaongoza wageni kichochoroni mpaka nyumba ya mwisho.

"Hapa aliishi Bibi Dirisha," alisema, sauti ameishusha kama yuko matangani. "Mumewe aliondoka, naye akamngoja dirishani miaka nenda miaka rudi. Hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu. Alikufa peke yake, na tangu hapo dirisha hili halijafunguliwa."

Wageni wakaguna kwa huruma. Mama mmoja alitoa kitambaa, akajifuta macho.

Shangazi aliitazama nyumba hiyo, nyumba yake mwenyewe. Mume alijiendea zake kwa mshona nguo wa mji wa pili, na yeye hakumngoja hata wiki. Uongo huo angeumeza, tena angeucheka. Lakini kwamba hakuwa na mtu? Basi nani alikesha na huyu alipougua surua? Nani alilala sakafuni ili yeye apate kitanda? Alimkazia macho, akangoja. Neno moja tu lingemtosha.

"Na huyu bibi ni nani?" aliuliza yule mama mwenye kitambaa. "Yuko nasi tangu kule kisimani."

Kijana alitazama viatu vyake. "Huyu? Huyu hutufagilia hapa."

Shangazi alisogea mbele ya msafara.

"Kweli, nafagia," alisema polepole. "Na marehemu nilimjua vizuri. Ndugu hakukosa. Alikuwa na mtoto wa kaka yake, alimlea tangu mchanga, akampenda kuliko nafsi yake."

"Maskini. Na huyo mtoto yuko wapi sasa?"

"Naye amekufa, mwanangu. Msiba wake ni wa leo hii."

Akafungua fundo la pindo la nguo yake, akatoa ufunguo, akafungua mlango wa marehemu, akaingia ndani.