Kikohozi Kilichokuja Kuripoti

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika tano, kikohozi cha fundi viatu kiliingia ofisi ya uangalizi bila mwenyewe, kikaketi kwenye benchi kusubiri zamu. Mama ofisa, aliyemsimamia fundi huyo tangu atolewe gerezani, alikitambua mara moja: kikavu, mapigo matatu, kisha mluzi. Alivaa barakoa, akaendelea kuita wengine.

Fundi mwenyewe alikuwa kitandani. Kliniki ilimkuta na kifua kikuu, ikamwandikia barua asitoke kwa wiki tatu mpaka dawa zimkolee. Amri ya mahakama nayo ilimtaka aje kila Jumatatu kuweka dole gumba daftarini. Akikosa mara tatu, anarudi gerezani kumalizia kifungo. Kikohozi hakikutajwa kwenye barua, kwa hiyo kilikuja.

Zamu yake ilipofika, ofisa alikisogezea wino. Hakikuwa na dole.

Akaipeleka nakala ya barua, iliyotumwa na kliniki, kwa mkuu wa ofisi, akaomba japo abebe daftari hadi kwa mgonjwa. Mkuu akamkumbusha kwamba daftari halitoki ofisini.

"Lakini mzee, kikohozi chake kipo hapo nje. Kimewahi kuliko wote."

"Basi andika kikohozi kimefika, mtu hakufika."

Akaandika hivyo, na roho ikamuuma. Wiki ya pili akaandika tena. Jioni dada yake fundi akapiga simu.

"Mama, tushike lipi? Aje awaambukize, au abaki mumfunge?"

Ofisa alimwambia abaki. Alipokata simu alijiona mwongo, ingawa hakuwa amedanganya neno.

Jumatatu ya tatu kikohozi kilifika mapema zaidi, kikakaa wima kama mtu anayeomba kazi. Haikusaidia kitu. Ofisa alijaza fomu ya ukiukaji kwa mwandiko wake mzuri, mkuu akagonga muhuri, na kabla ya saa sita askari wakamtoa fundi kitandani. Alipelekwa kwenye chumba cha watu kumi na wawili, wanakolala arobaini. Kikohozi kikamfuata huko, maana amri ilikuwa imewaunganisha tena.

Miezi minne baadaye, wanne kati ya wale arobaini waliachiwa, wakapangiwa kuripoti Jumatatu. Wote walizuiwa na kliniki. Vikohozi vyao vilikuja kwa wakati, vikajipanga benchini bila kusukumana, na mkuu alipopita alisifu nidhamu. Ofisa akafungua majalada manne mapya.